Elevesheni ya kiwanja cha ndege: usiruke kabla hujaangalia hii namba

Haya wadau, tuko ndani ya simuleta, injini moja ya pistoni. Fungua chati ya kiwanja, tafuta elevesheni, yetu ni futi 5,000. Hiyo inapimwa kutoka usawa wa bahari mpaka sehemu ya juu kabisa ya ranwei, sio paa la mnara, ranwei. Schiphol kule Uholanzi iko futi 11 chini ya usawa wa bahari, El Alto ya Bolivia inapita 13,000, na ndege hizohizo zinatakiwa zitue kote kuwili.

Sasa altimita, kile kifaa cha kupima urefu wa ndege kutoka usawa wa bahari, hapa taratibu jamani. Zungusha kinobu mpaka kidirisha kisome QNH, yaani presha ya hewa ya leo iliyopigiwa hesabu ya usawa wa bahari, mnara umetupa 1013. Mshale unatakiwa usome karibu 5,000, ukipishana zaidi ya futi 75 usiruke, hicho kifaa kikaguliwe. Ngoja, kioo kinang'aa, nasogeza kamera… eh, mbona inasoma 5,270? Angalia kidirisha, 1023! Mnaona sasa, tarakimu moja tu. Ukiruka hivyo utadhani uko juu kumbe uko chini karibu futi 270, na usiku hakuna mtu wa kukushtua. Kwa hiyo soma kidirisha, soma mshale, linganisha na chati. Rudia tena: kidirisha, mshale, chati. Nikikuona unaruka hii hatua tunakosana.

Mzunguko wa kutua ni futi 1,000 juu ya kiwanja, basi 6,000, hiyo rahisi.

Utamu uko kwenye joto. Hewa ya kawaida ni nyuzi 15 usawa wa bahari, inashuka 2 kila futi 1,000, kwa hiyo hapa ilitakiwa iwe 5. Leo ni 30, zimezidi 25, zidisha mara futi 120 kwa kila nyuzi unapata 3,000, jumlisha na 5,000 za kiwanja. Yaani ndege inajiona iko futi 8,000 wakati bado imekanyaga lami! Hewa nyepesi, injini inakosa nguvu, propela na mabawa navyo havishiki vizuri, ranwei inaliwa ndefu. Mimi napenda kuruka asubuhi kukiwa na baridi, wanaolala mpaka saa tano shauri yao.

Wakati wa kutua shika spidi ileile ya kwenye kipimo kama kiwanja cha chini. Kwa sababu hewa ni nyepesi, ardhi itapita kasi kuliko ulivyozoea, usishtuke ukavuta pua juu kuipunguza, utapoteza mnyanyuo, ile nguvu ya mabawa kuibeba ndege, ukiwa karibu kabisa na ardhi.