Jiko lisilo na mbwembwe ndani ya nyumba ya kale: namna ya kulikutanisha na ukuta uliopinda

Haya watazamaji, karibuni. Leo hatupo karakana, tupo ndani ya nyumba yenyewe, kwa hiyo mtavumilia mwangwi. Kuta hizi ni za mawe na chokaa, na unene wake mnauona hapo dirishani. Kazi yetu ni kuweka jiko la kisasa lisilo na mbwembwe: hakuna makabati ya juu, hakuna vishikio, hakuna mikanda ya urembo. Ni mstari mmoja mrefu wa makabati ya chini, halafu kabati moja refu la kusimama pale mwisho.

Watu huniambia, "Fundi, hiyo si ndiyo kazi rahisi, haina nakshi." Rahisi wapi! Nakshi ndiyo inayomfichia fundi. Pengo likibaki kati ya kabati na ukuta unapigilia mkanda wa mbao, unapaka rangi, unalipwa. Hapa mkanda hatuna. Kabati limenyooka, ukuta umepinda, na pale vinapokutana kila anayeingia atapaona. Kwa hiyo sehemu kubwa ya video hii ni hapo vinapokutana. Mengine nitayapitia mbio.

Vipimo. Kushika futi kamba mnajua, siwapotezei muda. Ninachotaka ni mpime upana wa chumba mara tatu: chini sakafuni, usawa wa kaunta, na usawa wa macho. Tazameni. Chini, sentimita 342. Kwenye kaunta, 339. Juu, 337. Chumba kilekile! Ukichukua kipimo cha sakafuni peke yake ukaenda kukata, kazi yako haiingii. Makabati yanapangwa kwa kipimo kidogo kuliko vyote, na tofauti inamezwa na mbao za pembeni, ambazo ndizo tutakazozikata zifuate ukuta.

Kona nazo msiziamini. Pima sentimita 60 upande huu, weka alama, 80 upande ule, weka alama, kisha unganisha alama mbili. Kona ikiwa sawasawa utapata 100 kamili. Hapa napata 102, maana yake kona imefunguka. Hatuirekebishi. Tunaandika kwenye daftari na kusonga.

Sakafu. Washa leza, au kama huna, pima maji ndefu juu ya ubao ulionyooka. Tafuta mahali palipoinuka kuliko kote. Hapo ndipo unapoanzia, wala si mlangoni, wala si kona unayoipenda. Kutoka hapo panda sentimita 90, chora mstari wa kaunta kuzunguka chumba chote. Sakafu hii inashuka milimita 28 kutoka kona ile hadi hii, na kazi ya kuziba tofauti ni ya miguu ya kuzungusha chini ya makabati. Asije mtu akamwaga zege kusawazisha sakafu ya zamani kwa sababu ya jiko. Jiko linaweza kukaa miaka 20 likang'olewa. Sakafu imeshawaona wengi wakija na kuondoka.

Na hili ndilo ninalolishikilia kwenye nyumba za namna hii: jiko liwe samani, lisiwe sehemu ya jengo. Siku likitolewa, ukuta ubaki bila kidonda kisichozibika. Wahifadhi wa majengo wana Hati ya Venice ya mwaka 1964, inayosema kinachoongezwa kwenye jengo la kale kitofautike na cha zamani, huku kikipatana nalo. Kwa hiyo sitengenezi kabati jipya la kujifanya la kale. Naacha jipya lionekane jipya, ila linyamaze.

Mdogo wangu, lete kamera hapa ukutani. Karibu zaidi. Kabla ya kutoboa chochote, gonga kwa kifundo cha kidole, hivi. Sauti imekaza, imekaza, imekaza... mmesikia hapo? Tupu. Lipu imeachana na mawe. Nikiendelea kidogo tu... Ee! Imeanguka. Haya, msiikate hiyo, iache waone. Vumbi tupu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nyumba nyingi zinapouawa kwa nia njema. Mtu akiona shimo hili anakimbilia saruji. Usifanye hivyo. Ukuta wa mawe na chokaa hauna kizuizi cha unyevu chini yake. Unavuta maji kutoka ardhini na kuyapumua nje kupitia lipu ya chokaa. Ukiuziba kwa saruji, maji yanatafuta njia nyingine, yanapanda juu zaidi au yanahamia upande wa pili, na chumvi zake zinaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Shimo la chokaa linazibwa kwa chokaa, tabaka jembamba juu ya tabaka, kila moja likikauka taratibu. Kwa hiyo upande huu hatugusi tena leo. Nilipanga kuanza hapa, lakini ukuta umeamua vingine. Tunahamia kwenye kabati refu.

Kwa sababu hiyohiyo ya kupumua, mgongo wa kabati usiushike ukuta. Acha nafasi ya milimita 25 au zaidi, na ule ubao wa chini unaoficha miguu uachie matundu ya hewa. Bila hivyo baada ya muda unafungua droo unakutana na ukungu.

Jambo lingine la haraka, lakini la hatari: rangi za zamani. Usizipige msasa mkavu ili "kusafisha tu kidogo". Nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi za risasi majumbani mwaka 1978 tu, kwa hiyo nyumba ya miaka 100 ina tabaka nyingi za kabla ya hapo. Vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa. Pimisha kwanza.

Ubunifu wenyewe. Mimi sichori kwenye kompyuta kwanza. Nachukua maboksi na utepe wa karatasi wenye gundi, napanga umbo la jiko sakafuni, nalitembea. Fungua droo ya kufikirika, inama, geuka na sufuria mkononi. Kati ya kaunta na kitu kingine kilicho mbele yake achia sentimita 100 hadi 120. Wanaodhani jiko zuri lazima liwe kubwa wakatazame jiko la Frankfurt, kule Ujerumani, alilobuni msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky mwaka 1926. Upana ulikuwa kama mita 1.9 kwa urefu wa mita 3.4, na likajengwa kwenye maelfu ya nyumba. Hakuna hatua ya bure ndani yake.

Mistari ya jiko jipya nayo iibe kutoka kwenye nyumba. Kabati hili refu halitafika darini. Linaishia usawa wa fremu ya juu ya mlango, na boriti zile zinabaki peke yake na heshima zake. Friji inaingia humo ndani, haionekani. Chini ninapenda droo badala ya milango. Vitu vinakufuata, hupigi magoti na tochi kutafuta kifuniko. Na milango inayong'aa kama kioo siipendi kwenye ukuta wa chokaa, samahani kwa wanaoipenda. Inaakisi kila mkunjo wa ukuta na kuuonyesha mara mbili. Rangi isiyong'aa, au mbao iliyopakwa mafuta.

Kabati limesimama, miguu imesawazishwa, timazi, ile kamba yenye uzito inayoonyesha wima, imepita. Kulikaza ukutani natumia skrubu mbili tu, juu, na nazitoboa kwenye maungio ya chokaa kati ya jiwe na jiwe, kamwe si kwenye jiwe. Ungio linazibika. Jiwe lililopasuka halirudi. Uzito wote uko kwenye miguu, skrubu ni za kulizuia lisiinamie mbele.

Sasa tumefika. Ubao wa pembeni, urefu sentimita 210. Huu ndio utakaoonekana na mtu anayeingia mlangoni, kuanzia juu hadi chini, ukigusana na ukuta huu wenye mawimbi. Kuna mahali ukuta umetokeza, na kuna mahali umeingia ndani milimita 22. Tunanakili ukuta kwenye ubao.

Ubao ukate mpana kuliko unavyohitaji. Usimamishe mahali pake, uusukume hadi uguse pale ukuta ulipotokeza. Simamisha kwa timazi. Narudia, timazi, si macho. Kaza kwa vibanio viwili ili usicheze hata kidogo. Ukiwa hivyo, ukingo wa mbele utakuwa umezidi uso wa milango. Pima umezidi kiasi gani. Huu wangu umezidi milimita 30. Hiyo ndiyo namba yako. Lazima iwe kubwa kuliko shimo kubwa la ukuta, na 30 ni kubwa kuliko 22, tuko salama. Ingekuwa 20, pale ukuta ulipoingia mstari ungekwenda kuchorwa hewani.

Fungua bikari milimita 30 na uikaze nati. Ikaze! Bikari ikiteleza katikati ya safari hutajua, mstari utaonekana mzuri kabisa, na utagundua ukishakata. Hii ninayotumia naitengeneza mwenyewe. Upande wa ukutani ina kiatu cha mbao chenye mviringo, badala ya sindano ya chuma inayozama kwenye chokaa laini. Ninaziuza, anayetaka aniandikie hapo chini. Asiyetaka kununua atoboe kipande cha ubao tundu la penseli milimita 30 kutoka ukingoni, kitamfikisha.

Teremka nayo. Mguu mmoja ukutani, penseli kwenye ubao. Na hapa nawaomba mniangalie mikono. Bikari ibaki mlalo muda wote. Mlalo. Ukuta ukiinama, mkono unataka kuinama nao, ndivyo mkono ulivyo. Usiuruhusu. Ukiigeuza kufuata mteremko wa ukuta, umbali si 30 tena, ni 28, ni 26, na mstari wako ni uongo. Tazama hapa penye bonde... mlalo... polepole... mlalo. Kamera, umeninyima mwanga, rudi nyuma kidogo. Ahsante. Mlalo hadi sakafuni.

Toa ubao, ulaze mezani. Bandika utepe wa karatasi nyeupe wenye gundi kando ya mstari ili uso usimeguke. Kisha andika NJE, kwa herufi kubwa, kwenye uso utakaoonekana. Mnacheka, lakini andikeni. Maana jigso, ule msumeno mdogo wa umeme wa kukatia mikunjo, tunailaza nyuzi 5 hivi, ili upande wa ndani ukatwe zaidi na uso wa nje ndio utangulie kugusa ukuta. Ukiilaza upande usio wake, uso wa nje unakuwa mfupi, pengo linafunguka mbele ya macho ya wageni, na ubao huo ni kuni. Kwa hiyo kabla ya kuwasha: NJE iko wapi? Msumeno umelala upande gani? Uliza tena. Usiniulize kwa nini nasisitiza.

Kata ukiuacha mstari hai, milimita 1 pembeni yake. Hiyo milimita iliyobaki ni ya randa ndogo na msasa. Kukata nitakuharakishia picha, hakuna cha kuona.

Haya, turudishe. Sukuma... ngoja, pale katikati panagonga. Mnaona mwanga unapita juu na chini? Hiyo ina maana katikati pamebaki nyama. Usipige nyundo, chokaa itameguka. Sugua kalamu ya risasi ukutani pale penye kugusa, bonyeza ubao, toa, palipochafuka ndipo pa kupunguza. Randa mbili, tatu. Rudisha. Sasa. Pitisha karatasi: haipiti juu, haipiti katikati, chini inapita kidogo, na chini naiacha. Silikoni sitii hapa. Baada ya muda itavuta vumbi na kukuchorea mstari mweusi ambao kazi yote hii ilikuwa ya kuuepuka.

Kaunta ya mbao halisi ni habari tofauti kidogo, maana mbao inavimba na kusinyaa kwa upana wake majira yakibadilika. Nyuma yake iachie milimita 5 au 6, skrubu za chini ziingie kwenye matundu marefu zipate kuteleza, na mafuta upake pande zote mbili, chini pia, kabla hujaifunga. Ukipaka juu tu itajikunja.

Ubao wa pembeni wa upande wa pili ni hivyohivyo, siuonyeshi. Ule upande wa lipu iliyoanguka tutaurudia chokaa ikishakauka. Na zile mbao za kale zilizopigiliwa kwenye kuta usawa wa sakafu, tulizozitoa ili makabati yaingie, msizitupe. Andika nyuma ya kila moja ilitoka wapi, zifunge pamoja, na uzilaze juu ya kabati refu kwa nyuma, ambapo mtu atakayeling'oa jiko hili atazikuta. Betri inaniambia imebaki kidogo. Mwenye swali la sinki aandike, hilo nalifanyia video yake.