Bapa au mkuku: chombo kipi cha kuvulia?

Ndugu zangu wa Matondoni, na nyinyi mliotoka Kipungani, wavuvi wa Lamu, swali ni lile lile: pesa ni ya chombo kimoja, ninunue chenye kitako bapa au chenye mkuku, ule mti mrefu wa chini unaoshika maji? Na kila anayeniuliza amekwenda kukitazama pwani, maji yakiwa yamekupwa. Hapo ndipo anapokosea.

Kikipwelewa, chombo bapa hukaa wima. Chenye mkuku hulala ubavu, mpaka ukitilie magadi, ile miti ya kukiegemeza. Basi mtu husema: hiki bapa ndicho imara.

Hata mimi nilisema hivyo. Chombo changu cha kwanza kilikuwa bapa, futi 20, kipana. Kaskazi nzima kilinifaa, nikivua ndani ya mikoko, kikipita maji ya magotini. Kusi ilipoingia nikawafuata wenzangu nje ya Shela. Tulipomaliza kuvua, upepo ulikuwa umetusukuma tukaupita mlango wa kuingilia ndani, mwamba wa Manda uko chini ya upepo wetu, kule upepo unakotusukumia. Tukabisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo. Tukabisha tena. Mara sita! Kila tukigeuza tanga twajikuta pale pale au nyuma yake, kwani chombo kinateleza kombo. Chini hakina kitu cha kushika maji. Mashua za wenzetu, zenye mkuku, zilikuwa zimekwisha ingia. Sisi tukatia nanga, tukafua maji mpaka usiku upepo ulipolegea, kwa sababu mawimbi yalikuwa yakipiga kile kitako hadi kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa za mbao, ikatoka. Nilikuwa na vijana wawili wa watu mle ndani.

Najua mtaniambia: mzee, hayo ni ya tanga, siku hizi ni mashine. Haya. Maji yakitulia, chombo bapa huinuka upesi kwa mashine ndogo, na petroli hupungua, hilo silikatai. Lakini kwenye mawimbi kitakupiga mgongo na kung'oa misumari, utapunguza mwendo, na ile faida imekwisha. Chenye mkuku na tumbo lililochongoka hulipasua wimbi. Kikitulia huyumba, ndiyo, na hutaka mashine kubwa zaidi. Na mashine ikizimika chini ya upepo una mwamba, je?

Anayevua mlango wa Mkanda, ule mkondo wa ndani kati ya Manda na bara, na kulaza chombo matopeni achukue bapa, sina ugomvi naye. Lakini wangapi mtabaki ndani? Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari ya Lamu kwenye maeneo yao ya kuvulia. Mnajua wenyewe kwa nini mnazungumzia kwenda nje.

Ya mbao na misumari sitayamaliza leo, magharibi imekaribia. Ila kesho asubuhi maji yakikupwa mashua yangu itakuwa juu ya magadi. Njooni muinamie chini, muushike ule mkuku kwa mikono, kabla hamjampa mtu arubuni.