Mwalimu wa Kemia na Wazee Wanaosahau
(Mhadhara uliotolewa Bombo, Uganda)

Waheshimiwa wazee, akina mama, na nyinyi vijana mliojazana dirishani, asalaam aleikum. Wasio Waislamu, hamjambo.

Walionialika walitaka nizungumzie dawa ya ugonjwa wa kusahau. Hilo halina maneno mengi. Ugonjwa huo huitwa dimenshia, na dawa ya kuuponya haipo. Zipo zinazopunguza dalili kwa baadhi ya watu, kwa muda. Lakini kabla hujamwambia jirani kwamba baba yako amepata ugonjwa huo, mpeleke akapimwe. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni iliyolegea, kaswende ya zamani, pombe, hata malaria au maambukizi ya mkojo, vyote vinaweza kumvuruga mtu mzima akili. VVU pia. Kuna kipimo kifupi cha kutambua akili iliyoathiriwa na virusi hivyo, kilichotolewa mwaka 2005 baada ya kujaribiwa Marekani na hapa Kampala: unapewa maneno manne uyakumbuke, unagonganisha vidole upesi, unafuatisha miondoko ya mkono, kisha unaulizwa yale maneno. Wengi wanaokutwa na tatizo hupata nafuu wakitumia ARV. Kwa hiyo muuguzi akikuambia "ni uzee tu" bila kupima chochote, usiondoke.

Sasa nije kwa mtu niliyemfuata leo. Aliitwa Tom Kitwood, Mwingereza aliyezaliwa 1937. Alisoma sayansi Cambridge, akawa kasisi, akafundisha kemia, na kwa muda alikuwa mwalimu wa shule hapa Uganda kabla ya kurudi kwao na kuingia Chuo Kikuu cha Bradford. Sidai kwamba mawazo yake aliyaokota kwetu. Huko ni kujipendekeza. Nafurahi tu kwamba alipita hapa.

Katikati ya miaka ya 1980 alianza kufuatilia namna watu wenye dimenshia wanavyotunzwa. Madaktari wengi wakati huo walisema ubongo ukishaharibika, mwenyewe ameondoka, kilichobaki ni kukilisha na kukisafisha kiwiliwili. Kitwood aliuliza swali la mwanakemia: mbona vipimo havilingani? Bongo za waliofariki zilipochunguzwa, wengine walikutwa na uharibifu mkubwa ilhali walipokuwa hai walijimudu vizuri. Wengine walikuwa wamezorota kabisa, na uharibifu ulioonekana ni mdogo. Akasema sehemu ya jibu iko nje ya fuvu. Iko kwa sisi tunaomzunguka mgonjwa.

Mwaka 1992 alianzisha kundi la utafiti wa dimenshia pale Bradford, na mwaka 1997, mwaka mmoja kabla ya kufariki, alichapisha orodha ya mambo 17 yanayommaliza mgonjwa kabla ya ugonjwa kummaliza. Sitayasoma yote. Kumdanganya ili atii. Kumfanyia kazi anayoiweza. Kumsemesha kama mtoto. Kumharakisha. Kumzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo. Kumcheka. Kumpuuza akiita. Na aliweka wazi jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini cha kazi yake yote: wanaofanya hayo kwa kawaida si watu wabaya. Ni watu wenye huruma, wamechoka, na wanafuata mazoea ya mahali walipo. Ndiyo maana hakutumia muda wake kuhubiri huruma. Alitaka mazoea yabadilike.

Hapa tutagombana kidogo. Kila mkutano wa namna hii lazima mtu asimame aseme, "Sisi Waafrika hatuwatupi wazee wetu," na ukumbi upige makofi. Ni kweli, nyumba za kutunzia wazee kwetu ni chache sana, na babu yuko palepale uani. Lakini kaa hapo uani kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri uhesabu. Wageni wanaingia, mjukuu anamuuliza babu, "Huyu ni nani? Mtaje jina!" Mtihani. Babu anafeli, watu wanacheka, na yeye anacheka ili asionekane mjinga. Chakula kinaletwa, kijiko cha pili kinaingia kabla cha kwanza hakijamezwa. Anauliza mke wake yuko wapi, anajibiwa kwa sauti ya juu kwamba alishakufa, na msiba unaanza upya, leo mara ya tatu. Hatujamtupa, sawa. Ila ameketi katikati yetu peke yake.

Na kuna lililo baya kuliko hayo. Bibi anayeamka usiku wa manane, akapotea njia, akakutwa nyuma ya nyumba ya jirani nguo zimemvuka, mnajua anaitwaje. Neno hilo limewahi kuwafukuzisha watu vijijini, na wengine limewaua. Sheikh, mchungaji na mwenyekiti wa kijiji (LC1) wanatakiwa kufahamu dalili hii kabla ya mganga kuitwa.

Kitwood alieleza mahitaji ya mtu huyu: faraja, mtu wa kumshikilia, kuwa mmoja wa waliopo, shughuli, na kujulikana yeye ni nani, katikati ya yote akaweka upendo. Maneno makubwa, lakini hapa Bombo, mji wa kambi ya jeshi, tuna vifaa vyake. Mzee wa jeshi anaamka alfajiri anatafuta buti, anataka kuwahi gwaride. Ukimwambia "umestaafu zamani, rudi ulale," mtapigana. Muulize, "Afande, ulikuwa kikosi gani?" Atakaa chini akueleze, na chai itanyweka. Hajati aliyesuka vikapu na mikeka ya rangi maisha yake yote, mpe ukindu. Asipokumbuka mtindo, mikono inaweza kukumbuka. Na kama kikapu kitaenda upande, kuna aliyekuagiza kikapu?

Kitwood alibuni pia njia ya kupima namna mgonjwa anavyotunzwa, akisaidiwa na mwenzake Kathleen Bredin. Mtazamaji anakaa na daftari sebuleni mwa nyumba ya kutunzia wazee, na kila baada ya dakika tano anaandika mgonjwa anafanya nini na anaonekana yuko katika hali gani. Saa kadhaa. Jioni wafanyakazi wanaonyeshwa, nao ndio wanaoamua kesho wabadilishe nini. Naipenda njia hii kwa sababu haimtegemei mtu kujisifu.

Ila ilibuniwa kwa ajili ya nyumba zenye wafanyakazi wa mshahara na zamu. Kwetu mfanyakazi ni binti mmoja, au mke wa mwana, hana zamu wala siku ya mapumziko. Serikali humpa mzee wa miaka 80 na kuendelea shilingi 25,000 kwa mwezi kupitia mpango wa SAGE. Hiyo haimwajiri mtu wa kumpokea binti. Kaka zake walioko Kampala hupiga simu Jumapili kutoa maagizo. Mimi nasema anayetoa maagizo aje akae wiki nzima, kisha aagize.

Wengi mmeniuliza kuhusu kufunga mlango, kwa kuwa barabara ya Gulu iko hapo na malori hayasimami. Mchana, mtu akiwepo, msimfungie; anayefungiwa hutafuta kutoka kwa nguvu zaidi. Tembeeni naye asubuhi kabla ya jua kali. Ushoneni mfukoni mwa kanzu yake namba ya simu. Usiku fungeni geti, lakini asilale peke yake. Halafu nendeni steji ya boda. Waambieni vijana wale mzee huyu ni baba wa nani, kwake ni wapi, na kwamba akisema anakwenda kazini wasibishane naye. Wamwamkie, "Shikamoo afande," wampandishe, wamlete nyumbani. Nauli mtalipa nyinyi.