Skedaddle: Neno Lililotoka Nduki

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Mimi Zuhura, niko Dar. Kaka Kamau yuko Nairobi, na leo kaja na neno moja tu la Kiingereza. Haya, litaje.

KAMAU: Skedaddle. Litamke "skidado" na utakuwa karibu. Maana yake kuondoka ghafla, mbio, bila kuaga. Sisi huku tungesema kuhepa.

ZUHURA: Sisi kusepa. Au kula kona.

KAMAU: Hapana, dadangu. Mla kona anaweza kuwa ametulia, ana ujanja wake. Skedaddle ina kiwewe ndani. Ukilisikia tu unaona miguu inavyogongana.

ZUHURA: Basi huko ni kutoka nduki.

KAMAU: Hapo sawa! Sasa, neno hili lilipata umaarufu vitani. Marekani, 1861, Kaskazini na Kusini ndiyo kwanza wanaanza kupigana. Tarehe 21 Julai wakakutana Bull Run, Virginia, mwendo wa kilomita 40 na kitu kutoka Washington. Watu wa mjini wakafunga vikapu vya chakula, wakapanda magari ya farasi, wakaenda kutazama.

ZUHURA: Kutazama vita? Kama Simba na Yanga?

KAMAU: Na wabunge walikuwemo! Mmoja wao, Alfred Ely wa New York, alitekwa na Wakusini, akakaa gerezani miezi. Jioni ile jeshi la Kaskazini likavunjika. Askari, mikokoteni, watazamaji na vikapu vyao, wote barabara moja kurudi Washington.

ZUHURA: Miguu niponye. Na watu wakapata neno la kuwaita.

KAMAU: Ungedhani hivyo, ee? Sasa sikiliza. Tarehe 10 Agosti, hata mwezi haujaisha, gazeti la New York Tribune linaliandika neno hili na kuwaeleza wasomaji kwamba ni msemo wa vijana wa Kaskazini. Wanawasema Wakusini, jinsi wanavyojua kuitumia miguu yao hatari ikija.

ZUHURA: Ngoja kwanza. Si Kaskazini ndio waliokimbia?

KAMAU: Ndio hao hao.

ZUHURA: [kicheko] Nyani haoni kundule!

KAMAU: Wasomi nao wakalivamia. Wengine wakasema ni Kigiriki, kuna kitenzi skedannumi, kutawanya.

ZUHURA: Kijana katoka kulima mahindi Ohio, kapewa bunduki juzi, Kigiriki kakitoa wapi?

KAMAU: Ndiyo maana mimi sikinunui. Wengine wakaelekeza Scotland, wakasema huko ni maziwa yanapochuruzika kwenye ndoo njiani. Halafu kaskazini mwa Uingereza kuna neno scaddle, la mnyama mwoga, farasi anayeshtuka na kivuli chake.

ZUHURA: Mimi nipe maziwa. Unayaona kabisa: ndoo inayumba, matone huku, matone kule, na kila kundi la askari linashika njia yake.

KAMAU: Ni picha nzuri, lakini kamusi kubwa za Kiingereza mpaka leo zinaandika asili haijulikani. Lenyewe limeingia mitini.

ZUHURA: Na vita vilipoendelea?

KAMAU: Hapo mzaha ukapungua. Machi 1863 Kaskazini wakapitisha sheria ya kuwachukua wanaume jeshini kwa lazima. Ukiwa na dola 300, unalipa, unabaki nyumbani. Huna? Wengine wakavuka mpaka kuingia Canada, na waliobaki wakawaita skedaddlers. Huko New Brunswick kuna mlima mpaka leo unaitwa Skedaddle Ridge.

ZUHURA: Kwa hiyo mwenye dola 300 si mtoro, ila asiye nazo ndiye anapewa mlima.

KAMAU: [kimya kidogo] Eeh. Sikuwa nimeliwaza hivyo.

ZUHURA: Siku hizi bado linatumika?

KAMAU: Sana, ila limepoa. Bibi wa Kimarekani akimaliza chai yake kwa jirani anasema ngoja ni-skedaddle, jua lisinizamie.

ZUHURA: Anajisema mwenyewe, sawa, yeye hana anachokimbia. Lakini yule askari wa Bull Run, akimwandikia mama yake barua usiku ule, angetumia neno gani?

KAMAU: Angeandika, "Mama, tumerudi nyuma kidogo kujipanga."