Kabla ya Kukata Tiketi, Tazameni Mwezi

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie likizo ya watoto kwa mfuko mdogo, na naona wengi mmekuja na kalamu mkisubiri majina ya gesti za bei nafuu. Tutafika huko muda ukiruhusu. Lakini wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi, maana kila Mei nasema jambo lilelile na kila Julai nasikia malalamiko yaleyale. Naanza na mwezi. Mwezi wa angani, huo unaotoka usiku.

Mimi nimezaliwa Bagamoyo, nimeolewa huku Dodoma, nafundisha jiografia. Kwetu mtoto hajajua kusoma saa ya ukutani lakini ukimuuliza maji yako wapi, anakujibu: yanajaa, au yanapwa, au yamesimama. Huku bara hakuna aliyewahi kuhitaji kujua hilo, kwa hiyo hakuna anayeuliza. Na kwa kutouliza huko, watu wanapoteza akiba ya mwaka mzima.

Miaka kadhaa iliyopita wifi yangu aliweka kibubu. Chenji ya sokoni, faida ya karanga, hata hela iliyobaki kwenye sare, vyote humo. Watoto wake watatu walikuwa hawajaona bahari. Yule mkubwa, darasa la sita, alikuwa akiichora kwenye daftari, anaipaka bluu na samaki wanaelea juu kama majani. Juni ikafika. Wakapanda basi hadi Dar, wakalala kwa ndugu, alfajiri wakashika gari ya Bagamoyo. Saa tatu na nusu asubuhi wako ufukweni, baba, mama na watoto, na ndoo ya kuchezea mchanga. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Mnajua walikuta nini? Walikuta maji yanaondoka.

Ufukwe wa Bagamoyo umelala, hauteremki ghafla. Siku kama hiyo maji yanakwenda mbali mpaka mtu aliyesimama ukingoni unamwona kama kijiti. Saa tano mbele yao kulikuwa na tope, majahazi yamelala ubavu, na akina mama wanaokota chaza. Mdogo akaanza kulia: "Mama, bahari iko wapi?" Jua likapanda, hakuna kivuli. Wakaingia hotelini. Wakalipia bwawa la kuogelea kwa kila kichwa, wakalipia chipsi, wakalipia soda kwa bei ya hoteli. Saa nane wakaondoka kuwahi gari. Wakati wanapanda gari, maji yalikuwa njiani yanarudi.

Jioni wifi akanipigia. "Wifi, kwenu hakuna bahari. Kuna tope."

Niliumia, na bado naumia, kwa sababu kibubu cha mwaka mzima kilimalizikia kwenye bwawa la klorini, hatua chache kutoka Bahari ya Hindi ambayo haina kiingilio. Na mimi niliyezaliwa pale sikumwambia, nikidhani ni jambo linalojulikana. Ndiyo maana sasa nasema kila mwaka, na nitasema tena mwakani.

Sikilizeni basi. Maji hujaa mara mbili na hupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kidogo. Kila siku huchelewa kama dakika 50, kwa sababu mwezi nao huchelewa kutoka. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja. Hilo ndilo bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kwenye pwani yetu tofauti ya kimo hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, kila kimoja huvuta upande wake, maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Wavuvi wanaita maji mafu.

Sasa shikeni hili hata mkisahau mengine yote. Kwetu, siku za bamvua, maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja jioni. Mwaka huu, mwakani, miaka yote. Babu zetu walipanga safari zao kwa hilo bila kitabu. Kwa hiyo ukienda siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, siku yako imeshapangwa: asubuhi maji yako chini, watoto wanatembea kwenye mchanga mgumu, wanaona kaa, wanaona konokono wa baharini (wawatazame na kuwarudisha, wasibebe). Mchana jua kali, mnakula na kulala. Saa tisa maji yako karibu, jua limepungua ukali, watoto wanaoga mpaka magharibi. Hamjalipa shilingi. Wifi yangu alikuja siku nzuri kabisa. Alikosea nusu ya siku.

Najua kuna baba atasema, mwalimu, si nikae tu siku nzima, maji yatanikuta? Yatakukuta, ndiyo, lakini umekaa na watoto watatu wenye njaa tangu asubuhi, na kila saa ya kungoja ni soda, ni biskuti, ni "baba nipandishe boti". Kungoja ndiko kunakokula hela.

Mwingine ataniambia, kalenda ya mwezi tutaitoa wapi? Muulize jirani yako Mwislamu leo ni mwezi ngapi. Kuanzia mosi hadi nne, na kuanzia kumi na tano hadi kumi na nane, ni bamvua. Kuanzia nane hadi kumi, na kuanzia ishirini na mbili hadi ishirini na nne, ni maji mafu. Kalenda ya msikitini inabandikwa bure.

Na kuna bamvua mbili, hazifanani. Ile ya mwezi mwandamo usiku ni giza. Wavuvi wa dagaa hutega kwa taa, na taa humvuta samaki pale tu ambapo mwezi haupo. Basi siku za giza wanatoka baharini, na alfajiri mnadani dagaa na vibua wanamwagwa, bei inashuka. Mwezi ukiwa mpevu wengi wao hupumzika na samaki hao hupungua. Lakini usiku huo ufukwe ni mweupe, watoto wanacheza mpaka saa nne za usiku bila taa. Mwenye mfuko mdogo kabisa naomba aende giza. Mwenye nafuu kidogo aende mbalamwezi. Mimi binafsi nachagua giza, kwa sababu ya kibua wa kukaanga na mhogo.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, nakimbia.

Usafiri. Treni ya SGR, daraja la kawaida, Dodoma hadi Dar, nauli iliyotangazwa 2024 ni shilingi 31,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu, chini ya miaka 4 halipi. Baba, mama, watoto wawili wa shule na mmoja wa mgongoni: 93,000 kwenda, 186,000 kwenda na kurudi. Hakikisheni bei kabla ya kwenda stesheni, na katieni mapema, maana wiki ya kufunga shule viti huisha.

Malazi. Tafuteni chumba chenye ruhusa ya kupika, hata kama kiko mbali na ufukwe. Hamhitaji kulala mkisikia mawimbi, mnahitaji jiko. Bebeni unga, mchele na mafuta kutoka nyumbani, samaki mtanunua kule. Na jamani, ukilala kwa ndugu, beba kitu. Debe la karanga, zabibu za hapa Dodoma. Ndugu wa pwani wanachoka na wageni wa mikono mitupu, na hawasemi.

Asiyeweza kufika Bagamoyo aende Coco Beach palepale Dar, hakuna kiingilio, mihogo ya kukaanga ipo. Anayeweza kufika Bagamoyo asiache Kaole: msikiti wa karne ya 13 uliobaki kuta, na mikoko mbele yake pale ilipokuwa bandari. Raia analipa kidogo sana kulinganisha na mgeni. Nilitaka kusema mengi juu ya Kaole, basi.

Usalama, na hapa sikimbii. Maji yanayojaa hayaji kama ukuta. Yanapita kwanza kwenye vijito vilivyo nyuma yako, kati ya fungu la mchanga ulilosimama na nchi kavu. Mtoto anacheza mbele, kavu kabisa, akigeuka nyuma kuna maji ya kiunoni. Kwa hiyo ikifika saa sita za mchana siku ya bamvua, kila mtoto awe amerudi pwani. Waoge maji yasiyozidi magoti yao, mtu mzima mmoja asimame ndani ya maji upande wa kilindi, akiwatazama wao, simu ikiwa imebaki kwenye begi. Wakitembea kwenye miamba wavae yeboyebo. Kuna viumbe wenye miiba.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu Zanzibar. Njoo tuongee nje, ni hesabu nyingine.

Mkitoka hapa angalieni juu. Leo saa moja hii mwezi ni nusu na uko karibu katikati ya anga. Kule Bagamoyo sasa ni maji mafu. Hesabuni siku saba, mwezi utakuwa mpevu. Ongezeni siku kumi na tano tena, mtaikuta bamvua ya giza. Shule inafungwa wiki ipi? Andikeni tarehe zote mbili kwenye daftari la mtoto, kisha ndiyo mwende stesheni.