Insha Ji na Safari Isiyo na Sababu

Ndugu zangu, nimeombwa niseme kwa nini ghazali moja ya Kiurdu, "Insha ji utho" (yaani "Inuka, bwana Insha"), inawashika watu kiasi hiki. Mtunzi wake, Ibn-e-Insha, alizaliwa Punjab mwaka 1927, akahamia Pakistani baada ya India kugawanywa mwaka 1947, akafia London mwaka 1978. Aliandika pia habari za safari zake, na zinachekesha kwelikweli. Ghazali yenyewe ilivuma kwa sauti ya Amanat Ali Khan, aliyefariki mwaka 1974. Wapo wanaodai ni wimbo wa nuksi. Hayo tuwaachie wenyewe.

Ghazali ni beti za mistari miwili miwili, na kila ubeti unajitegemea. Kinachozifunga pamoja ni kina, na nyuma ya kina neno lilelile linalorudi. Hapa neno hilo ni "kya", nasi tungesema "ya nini?" Kuupenda mji huu, ya nini? Mfuko wenye matundu mia, kuukinga ya nini? Anauliza hivyo ubeti baada ya ubeti, wala hajibu.

Sasa, kwa desturi mshairi wa ghazali hutaja lakabu yake katika ubeti wa mwisho, kama malenga wetu wanavyojitaja kwenye kaditamati. Insha kajitaja mwanzo kabisa! Anajiita, anajiamsha, anajiambia aondoke. Ghazali nyingi za utengano zina mpenzi katili, au hasidi. Hii haina wa kulaumiwa, hakuna aliyemfukuza. Kwa hiyo kila msikilizaji anapata pa kuingilia: aliyehamishwa kwao, aliyeachwa, hata aliyechoshwa na mji tu.

Ubeti ninaoupenda mimi ni ule wa mlangoni. Usiku umekwisha, mwezi nao unazama, mlango umetiwa mnyororo. Mbona umechelewa kurudi? Mwandani wako utampa kisingizio gani? Hebu tazameni: mtu aliyekuwa akiaga mji mzima sasa kasimama nje ya nyumba yake, anatafuta uongo wa kusema. (Msicheke, wengine humu mnaujua mlango huo.) Kumbe mzururaji ana kwake, na ndani kuna anayemngoja. Wengi husifu ule mstari wa jogi, yaani mtawa mzururaji, asiye na makazi mjini, lakini majogi wamejaa katika mashairi ya Kiurdu. Huyu aliyechelewa, mwenye huzuni na aibu kwa pamoja, ni adimu.

Majibizano ya washairi sisi tumeyazoea, basi mjue kwamba Insha naye alijibiwa. Qateel Shifai, mshairi mwenzake wa Kiurdu, alitunga ghazali yake: nani kakwambia uondoke? Acha maneno, mji huu ni wako, usiuache. Na pale mwishoni mwa mstari, mwenzake alipoweka swali, yeye kaweka jina: Insha ji.