Kipimo cha kalsiamu kuwa sawa siyo kwamba mifupa iko sawa

Shikamooni wazee, asanteni kwa kuja na hii mvua ya Moshi. Watu wengi wananiletea karatasi ya maabara, kalsiamu ya damu iko kati ya 8.5 na 10.5 mg/dL, yaani kiwango cha kawaida, wanasema dokta mifupa yangu iko fiti. Hapana jamani, hiyo namba inasema damu yako iko salama, mifupa ni habari nyingine kabisa.

Asilimia 99 ya kalsiamu yote imekaa kwenye mifupa na meno, ya kwenye damu ni kidogo mno lakini hako kadogo ndo kanaendesha mishipa ya fahamu na misuli, moyo ukiwemo, kwahiyo mwili haukubali kashuke. Hapa shingoni nyuma ya tezi ya thairoidi kuna vitezi vinne vidogo, vinaitwa parathairoidi, vinapima damu muda wote, kalsiamu ikishuka tu vinamwaga homoni yao, PTH, ndani ya dakika chache. Hiyo PTH inazuia figo zisiimwage kalsiamu na mkojo, alafu inazifanya ziamshe vitamini D, nayo ikishaamka inakwenda kuusaidia utumbo uvute kalsiamu ya chakula, maziwa mgando, dagaa. Na kama kwenye chakula haipo? Inamegwa kwenye mfupa. Miaka na miaka inamegwa, na kipimo cha damu kinasoma vizuri tu!

Kuna homoni nyingine pia, kalsitonini, hiyo inashusha kalsiamu ya damu, ila kwa binadamu kazi yake ni ndogo.

Sasa manesi mnisikilize hapa. Mgonjwa katoka operesheni ya rovu, ule uvimbe wa tezi ya thairoidi, kesho yake anasema midomo na vidole vinamchomachoma, msimwambie ni dawa ya usingizi, huenda vile vitezi vimeguswa na kalsiamu imeshuka. Mfungeni mashine ya presha mkononi, ijazeni ipite presha yake, subirini dakika tatu, mkiona kiganja kinajikunja, vidole vimenyooka vimebanana na gumba limeingia ndani, muiteni daktari sasa hivi maana akiachwa anaweza kupata degedege.

Baba pale nyuma kauliza kuhusu wenye figo mbovu, swali zuri sana. Figo zikichoka vitamini D haiamshwi vizuri, PTH inapanda na kubaki juu, mifupa inaendelea kuliwa, ndo maana hao tunawapima na PTH, siyo kalsiamu peke yake.